Dawa za Miti kwa Minyoo wa Mbwa: Zipi Zafaa na Zipi Zadhuru

Mbwa ni mlinzi wa boma usiku na mwenzi wa mchungaji mchana. Katika nchi ya Kenya ni vigumu kupata kijiji kisichokuwa na mbwa, na hata mijini watu wengi hufuga mbwa ili walinde nyumba zao. Lakini mlinzi huyo aweza kumleta ndani ya nyumba adui asiyeonekana, naye ni mnyoo wa tumboni. Wazee wetu walilijua jambo hilo tangu zamani, wakatafuta dawa porini: maganda ya miti, mbegu, majani na mizizi. Siku hizi wako watu wasemao kwamba dawa ya mti haina madhara kwa kuwa imetoka ardhini. Wako na wengine wasemao kwamba dawa hizo zote ni upuuzi mtupu. Maneno ya pande zote mbili si ya kweli. Katika makala hii tutaeleza ukweli ulivyo, ili kila mwenye mbwa ajue la kufanya kabla mbwa wake au mtoto wake hajapata madhara.

MINYOO WAKAAO NDANI YA MBWA

Yafaa kwanza kuwajua adui wenyewe, maana hawafanani, na dawa imwondoayo mmoja haimwondoi mwingine.

Wa kwanza ni mchango, mnyoo mrefu mweupe aliye kama kipande cha uzi mnene. Watoto wa mbwa humpata kutoka kwa mama yao wakiwa bado tumboni, na kwa hiyo mbwa mchanga aweza kuwa na mchango hata kama hajala kitu chochote kichafu. Tumbo lake hujaa, manyoya hupoteza mng'ao, naye hakui. Mayai ya mchango hutoka na kinyesi na kukaa udongoni. Mtoto wa mtu achezaye hapo na kutia vidole kinywani aweza kuyameza, na wadudu watokao katika mayai hayo hutembea mwilini mwake, na mara nyingine hufika machoni.

Wa pili ni mnyoo wa safura. Huyu ni mdogo sana, lakini hunyonya damu. Ukifunua mdomo wa mbwa mwenye safura utaona ufizi umekuwa mweupe badala ya kuwa mwekundu. Mbwa wachanga wengi hufa kwa ajili ya mnyoo huyu.

Wa tatu ni tegu aletwaye na viroboto. Pingili zake huonekana penye mkia wa mbwa kama punje za wali. Mbwa humpata kwa kumeza kiroboto wakati ajikunapo kwa meno, na kwa hiyo asiyewaondoa viroboto hatamwondoa tegu huyu hata akitumia dawa gani.

Wa nne ni tegu mdogo kupita wote. Urefu wake hauzidi milimita 7, na mbwa mmoja aweza kuwa na maelfu ya tegu hao bila kukonda wala kuugua. Mwenye mbwa haoni kitu, na mbwa mwenyewe hasikii kitu. Lakini huyu ndiye mwenye hatari kubwa kabisa kwa mwanadamu. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na usemi huo wamfaa tegu huyu.

JINSI TEGU MDOGO ANAVYOMFIKIA MTU

Tuchukue mfano wa boma moja la wafugaji. Mbuzi amechinjwa, na katika ini lake pameonekana malengelenge meupe yaliyojaa maji. Watu hawalitaki ini hilo, nao humtupia mbwa. Ndani ya maji yale mna vichwa vya tegu vingi sana visivyoonekana kwa macho. Vikifika katika utumbo wa mbwa kila kimoja huwa tegu kamili, na baada ya majuma sita hivi tegu hao huanza kutoa mayai. Mayai hutoka na kinyesi, hushika katika manyoya ya mbwa, huingia katika majani na maji. Mbuzi, kondoo na ngamia huyala pamoja na majani, nayo malengelenge huota tena katika maini na mapafu yao. Hivyo mzunguko haukomi.

Mtu naye huingia katika mzunguko huo bila kutaka. Mtoto humkumbatia mbwa, kisha hula bila kunawa. Yai lililomezwa hupasuka, na mdudu aliyemo husafiri kwa njia ya damu mpaka katika ini au mapafu, na hapo huota mfuko wa maji. Mfuko hukua polepole, na kwa miaka mingi mgonjwa hana homa wala maumivu. Mwisho tumbo huvimba kana kwamba mtu ana mimba. Ugonjwa huo waitwa haidatidi. Mfuko ukipasuka ndani ya mwili, mgonjwa aweza kufa ghafula.

Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari waliofanya kazi kaskazini magharibi mwa Turkana waliona kwamba katika kila watu 100,000 wa sehemu ile, zaidi ya 200 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huo kila mwaka. Hesabu hiyo ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa zilizopata kuandikwa duniani. Sababu zake zaeleweka. Maji ni adimu, na kunawa mikono ni shida. Mbwa ni wengi, nao hulala ndani ya vibanda pamoja na watoto. Tena kwa desturi ya huko mbwa alisaidia kumsafisha mtoto mchanga kwa kumlamba. Jua kali la Turkana huyaua mayai ya tegu upesi, lakini katika kivuli cha kibanda na penye unyevu karibu na visima huishi muda mrefu zaidi, na hapo ndipo watu walipo. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza huko kazi ya kuupiga vita ugonjwa huu kwa kuwatibu mbwa, kuwapima watu na kuwafundisha. Wala wasomaji wa sehemu nyingine wasidhani kwamba shauri hili haliwahusu, kwa maana haidatidi imeonekana pia katika nchi ya Wamaasai, nayo yaweza kuwapo popote mbwa anapokula matumbo mabichi ya mifugo.

POPOO: DAWA YA MTI ILIYOFANYA KAZI

Sasa tuje kwenye dawa. Watu wa pwani waijua sana popoo, maana hutafunwa pamoja na tambuu na chokaa. Mti wake, mpopoo, ni wa jamii ya minazi, nao hustawi sana katika Bara Hindi na nchi zilizo mashariki yake. Katika karne ya 19 waganga wa mifugo wa Ulaya walikuwa wakiwapa mbwa unga wa popoo ili kuwatoa tegu. Hawakukosea. Baadaye wataalamu walichunguza wakaitoa katika popoo ile nguvu yenyewe, wakaiita arekolini.

Arekolini haimwui tegu. Humlegeza tu, hata asiweze kuushika utumbo. Wakati huohuo huusukuma utumbo wa mbwa ufanye kazi kwa nguvu, na mbwa huhara na kumtoa tegu nje. Kwa muda mrefu dawa hii ndiyo iliyotegemewa katika nchi zilizopigana na haidatidi. Ni mfano mwema wa kuonyesha kwamba dawa ya mti yaweza kuwa dawa ya kweli.

Lakini tazama na upande wa pili. Mbwa aliyepewa arekolini hutokwa na udenda, hutapika, na mara nyingine huanguka chini kwa udhaifu. Haikufaa kwa mbwa wachanga, wala mbwa wenye mimba, wala wazee wenye moyo dhaifu. Kipimo kikiwa kidogo mbwa hahari, na tegu hubaki mahali pake. Kikiwa kikubwa mbwa hudhurika. Tena, kwa kuwa tegu hutoka wakiwa hai pamoja na mayai yao, kinyesi kile ni hatari kubwa kwa mtu aliye karibu. Iliwapasa wafanyao kazi hiyo kumfunga mbwa mahali pamoja, kuvaa mifuko ya mikono, na kukichoma moto au kukizika kinyesi chote. Mtu ampaye mbwa wake unga wa popoo na kumwachilia azurure uani hakumponya mbwa wake, bali ametapanya sumu mlangoni pake.

SOMO KUTOKA NCHI NYINGINE

Historia ya nchi ya New Zealand yatufundisha jambo kubwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 wenye mbwa katika nchi ile waligawiwa vidonge vya arekolini wawape mbwa wao nyumbani. Dawa ilikuwapo, hata hivyo ugonjwa uliendelea, kwa sababu wengi hawakuitoa ipasavyo, na mbwa waliendelea kulishwa matumbo ya kondoo. Mwaka 1959 sheria mpya iliwekwa. Maofisa wakaanza kuwanywesha mbwa dawa wenyewe na kukiangalia kinyesi chao, na kumpa mbwa matumbo mabichi kukawa kosa. Hapo ndipo ugonjwa ulipopungua, na mwaka 2002 ilitangazwa kwamba nchi ile imeondokana nao.

Kisiwa cha Iceland kilitangulia. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark aitwaye Harald Krabbe aliwapasua mbwa 100 kisiwani humo, akamkuta tegu mdogo katika 28. Mwaka uliofuata kitabu chake kidogo, kielezacho tegu huyo na njia ya kumwepuka, kiligawiwa kwa watu bila malipo. Watu wa Iceland hawakuwa na dawa kama za leo, lakini walikuwa wasomaji, wakaelewa. Baada ya hapo sheria ya mwaka 1890 iliwataka watu waharibu matumbo yenye ugonjwa na kuwatibu mbwa wao. Kizazi baada ya kizazi ugonjwa ukapungua mpaka ukaisha. Hivyo twaona kwamba dawa peke yake haitoshi, iwe ya mti au ya kiwandani, ikiwa mlango wa adui umeachwa wazi.

MITI YETU WENYEWE

Kenya nayo ina miti ya minyoo. Wamaasai na Wasamburu huutumia mti waitwao mukutan. Maganda yake huchemshwa, na maji yake hunywewa na watu na hupewa mifugo. Jina lake la kitaalamu ni Albizia anthelmintica, na neno la pili la jina hilo maana yake ni mpinga minyoo. Basi hata wataalamu waliotoa jina hilo walikuwa wamesikia habari zake. Wasamburu hutumia pia matunda madogo ya kichaka kiitwacho seketet. Katika nchi ya Ethiopia maua ya mti wa kosso yalikuwa dawa mashuhuri ya tegu kwa watu, na mti huohuo waota katika misitu ya juu ya Mlima Kenya na Aberdare. Lakini Waethiopia wenyewe walijua kwamba kosso ni dawa kali, na kwamba kipimo kikizidi chaweza kudhuru macho.

Je, dawa hizi zafaa kwa mbwa? Kati ya miaka ya 2002 na 2004 wataalamu walioko Kenya walizijaribu mukutan na seketet kwa kondoo wenye minyoo. Majaribio mengine yalionyesha kwamba minyoo walipungua sana, na mengine yalionyesha kwamba dawa hazikusaidia kitu. Msomaji asistaajabu. Mti si kiwanda. Nguvu ya maganda hubadilika kwa umri wa mti, kwa udongo, kwa majira ya mvua na kiangazi, na kwa jinsi yalivyokaushwa na kuchemshwa. Kikombe cha leo si sawa na kikombe cha kesho. Tena kondoo si mbwa. Tumbo la kondoo hucheua na hukaa na chakula muda mrefu, bali la mbwa hutapika upesi, na minyoo wao ni mbalimbali. Kwa hiyo ufundi wa wazee hatuudharau, lakini hauwezi kutupa kipimo cha hakika cha kumpa mbwa mchanga wa kilo mbili.

Wengi huuliza juu ya mbegu za maboga. Ndani yake mna kitu kidhaniwacho kuwalegeza tegu, na watu wa nchi nyingi wamezitumia. Zikisagwa na kuchanganywa na chakula si rahisi kumdhuru mbwa, lakini hazikuthibitishwa kwamba zamwondoa tegu mdogo wa haidatidi. Mwenye kuzitegemea peke yake hujidanganya, kwa sababu tegu huyo haonekani, naye hatajua kama yuko au ametoka. Utomvu wa papai bichi nao waweza kumsaga mnyoo ndani ya chupa, lakini huunguza kinywa na tumbo, na ndani ya mbwa kipimo chake cha salama hakikuwekwa.

ZILE ZINAZOUA

Ziko dawa za kienyeji ambazo hazifai kabisa. Kitunguu saumu na vitunguu vingine huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Fikiri, basi, juu ya mbwa mwenye safura ambaye damu yake imekwisha kunyonywa na minyoo: ukimpa kitunguu saumu wampokonya hata ile kidogo iliyosalia. Tumbaku ni sumu kali, na mbwa mdogo aweza kufa kwa tumbaku ichukuliwayo kwa vidole viwili. Mafuta ya taa, ambayo si dawa ya mti lakini watu huyatumia, huingia mapafuni na kuua. Mbwa akifa baada ya kupewa vitu hivi, watu husema ameuawa na minyoo, kumbe ameuawa na tiba.

DAWA ZA LEO NA NAMNA YA KUZITUMIA

Tangu miaka ya 1970 imepatikana dawa iitwayo prazikwanteli. Dawa hii humwua tegu ndani ya mbwa, tena haimharishi mbwa kama arekolini. Hupimwa kwa uzito: miligramu 5 kwa kila kilo moja ya mwili, yaani mbwa wa kilo 10 huhitaji miligramu 50. Kujua uzito si kazi ngumu. Jipime kwanza peke yako kwenye mizani, kisha jipime ukiwa umembeba mbwa, na tofauti ndiyo uzito wake. Lakini prazikwanteli haiwaui mchango wala safura. Hao wana dawa zao nyingine, na mara nyingi hutiwa pamoja katika kidonge kimoja. Wala haiyaui mayai yaliyokwisha kutoka, na kwa hiyo kinyesi cha mbwa baada ya dawa lazima kichomwe au kizikwe. Mwulize daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa kata yako akuambie ipi imfaayo mbwa wako.

Kwa ufupi, kila mwenye mbwa na akumbuke mambo haya:

1. Usimpe mbwa ini, mapafu wala matumbo mabichi. Yenye malengelenge ya maji yachome moto, au yazike chini sana mahali mbwa hawezi kufukua. Yakichemshwa nusu saa au zaidi hayana hatari.

2. Mbwa wachanga wapewe dawa ya mchango wakiwa na majuma mawili, kisha kila baada ya majuma mawili mpaka waache kunyonya. Mama yao apewe pamoja nao.

3. Mbwa wakubwa wapewe dawa kila miezi mitatu. Mahali penye haidatidi wapewe ya tegu kila majuma sita, kwa kuwa huo ndio muda ambao tegu hukua na kuanza kutaga.

4. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza na mbwa na kabla ya kula. Mbwa asilambe uso wa mtoto, wala vyombo vya chakula.

5. Mboga mbichi zioshwe, na maji ya kunywa yafunikwe au yachotwe mahali mbwa hafiki.

6. Mtu mwenye uvimbe tumboni usiojulikana sababu yake asikandwe, asichanjwe wala asichomwe, maana mfuko waweza kupasuka. Apelekwe hospitali. Ugonjwa huu watibika kwa upasuaji na kwa dawa iitwayo albendazoli, bali hakuna maji ya maganda yajulikanayo kuuondoa mfuko huo.

Popoo ilianza kuwa dawa ya mti, na wataalamu walipoipima ikawa dawa ya nchi nzima. Labda siku moja mukutan au mti mwingine wa porini kwetu utafika mahali hapo, na wazee waliouhifadhi ujuzi huo watastahili shukrani. Mpaka siku hiyo ifike, mwenye mbwa asiufanye mwili wa mbwa wake kuwa mahali pa kujaribia, na zaidi ya hayo asiyafanye maisha ya mtoto wake kuwa gharama ya jaribio hilo. Kidonge kilichopimwa kina bei yake, lakini ni nafuu kuliko kisu cha daktari. Na shimo la kuzikia matumbo halina bei hata kidogo. Lahitaji jembe na nia tu.